Isale Nyuma ya Televisheni

Prosper alinipigia simu Jumatatu asubuhi nikiwa nakata majani ya ng'ombe. Namba sikuijua, ndiyo maana nilipokea. "Anaeli," alisema, "unaikumbuka Fundi Saa?" Sikuwa nimeisikia sauti ile kwa miaka thelathini na saba, lakini panga lilinitoka mkononi hata kabla sijamaliza kujiuliza ni nani. Akacheka kile kicheko chake cha puani. "Mjukuu wangu ameipata kwenye mtandao. Picha nzima, safi kama maji ya chemchemi. Njoo Kilema Jumamosi. Nimewaambia watoto yupo mzee mmoja anayeitafsiri picha hii vizuri kuliko Wazungu walioitengeneza. Utatusemea, aisee, mara moja tu kabla hatujafa." Nikasema nitakuja. Nilisema upesi, kama nilivyozoea kumjibu Prosper kila nilipotaka aache kuuliza.

Nilijua amerudi. Mwaka juzi, mkewe alipofariki huko Kahama, alirudi akajenga nyumba ndogo kwenye kihamba cha baba yake, shamba la ukoo, na mimi nikaanza kupita njia za mbali. Siku moja nilimwona sokoni Kiboriloni, ameshika fimbo, anachagua maharage. Nikajificha nyuma ya magunia mpaka mwenye duka akaniuliza kama naumwa. Sikuwa naumwa. Kuna jambo moja juu ya baba yake nililomwambia tukiwa vijana ambalo halikuwa kweli, na kwa sababu ya jambo hilo hakuja kumzika. Sijawahi kulisahihisha. Na katika picha ile ya Fundi Saa, mahali pa mwisho kabisa, kuna maneno ambayo siku moja niliyageuza makusudi ili Prosper asiyasikie. Sasa ana mjukuu anayejua Kiingereza.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini na sita, nina cheti cha kidato cha nne na sina kazi ya maana. Prosper alikuwa na kibanda cha video nyuma ya soko la Kiboriloni. Kilikuwa chumba kirefu cha mabati, madirisha yamezibwa kwa magunia ili mwanga usiingie, mabenchi ya mbao zisizopigwa randa, na mbele kabisa, juu ya meza yenye kitambaa cha kufuma, televisheni na deki. Jenereta lilikaa nje kwenye shimo alilolichimba ili kelele zipungue, ingawa hazikupungua. Yeye alikuwa mtu wa mashine, mimi nilikuwa mtu wa kipaza sauti. Nilikaa kwenye kigoda kando ya televisheni nikaitafsiri picha huku inakwenda, nikiwapa Wazungu majina ya kwetu na kuongeza matusi madogo pale ambapo hayakuwepo. Tulilala nyuma ya pazia, vitanda viwili, jiko la mchina katikati. Prosper alipika kiburu kila jioni, ndizi na maharage yamepondwa pamoja mpaka mwiko unasimama wenyewe, na tulikula kwenye sufuria moja tukibishana ni picha gani tuionyeshe kesho. Sijawahi kula na mtu mwingine kwa raha namna ile.

Hakuwa pale kwa kupenda. Mwaka uliotangulia, bei ya kahawa ilipoanguka, alikata mibuni ya baba yake bila ruhusa, mistari minne mizima, apande nyanya. Baba yake, Mzee Severini, ambaye sote tulimwita Meku kwa heshima ya uzee wake, alirudi kutoka misa akakuta visiki. Hakumpiga. Alimwambia tu, "Usikanyage tena hapa," akaingia ndani. Prosper alinisimulia habari hiyo mara moja tu, akiwa amenipa mgongo, anasugua sufuria.

Mkanda wa Fundi Saa ulitufikia mwezi wa tatu ndani ya gamba lililopasuka. Ni habari ya fundi wa saa katika mji mdogo wenye reli. Anaamka asubuhi kwa mluzi wa treni, anamwona kaka yake akipanda, na mchana treni ile inaanguka darajani. Anazimia kwa uchungu. Akiamka, mluzi uleule, chai ileile, kaka yake yuleyule yuko hai, anafunga viatu. Siku imejirudia. Anajaribu kumzuia kwa njia hii na ile, na kila mara treni inaanguka, na kila mara anaamka. Siku ya kwanza tuliyoionyesha nusura tuchomewe kibanda. Mluzi ulipolia mara ya pili watu waliguna. Ulipolia mara ya tatu walisimama.

"Mkanda umekwama!"

"We Prosper," alipiga kelele Mama Joyce, muuza ndizi, mteja wetu wa kila siku ambaye alikaa benchi la mbele na beseni lake mapajani, "unaturudisha nyuma ili jua lizame utufukuze? Hiyo chai tumeshaiona akiinywa!"

Prosper alikuwa ameshaweka kidole kwenye kitufe cha kuzima. Nikashika kipaza sauti. "Jamani, mkanda ni mzima. Kilichokwama ni siku."

"Siku inakwamaje?" sauti ilitoka nyuma. "Kwani ni lori?"

Wakacheka, na walipocheka nikajua nimewapata. Nikawaeleza polepole: huyu mtu anaamka siku ileile, wenzake hawajui, yeye peke yake ndiye anayekumbuka. Mama Joyce akalishusha beseni chini. Kuanzia siku hiyo picha ile ilijaza watu kuliko picha yoyote ya ngumi. Walikuja walioiona mara kumi. Mluzi ulipolia walilia nao, na fundi alipofungua macho, kibanda kizima kilimwambia kwa pamoja, "Amka baba, ndiyo leo tena!" Barabarani watoto waliniita Fundi. Nilikuwa sijawahi kuwa mtu wa kusubiriwa na yeyote, na sasa watu hawakukaa mpaka nikae mimi. Siandiki haya kwa kujitetea. Nataka ieleweke nilikuwa nimelewa nini.

Mwezi wa tano mtu alishuka kutoka Kilema na habari kwamba Meku anakohoa vibaya. Siku mbili Prosper hakupika. Siku ya tatu alirudi na jani la isale, amelifunga fundo. Kwa wasio wa huku, isale ni ule mmea wenye majani marefu tunaoupanda mipakani na makaburini. Ukimkosea mtu kosa zito, humwendei mwenyewe. Unalifunga jani fundo, unampa mtu unayemwamini, naye analipeleka na kusema, fulani ameleta isale. Likishafika halikataliwi. Hata kama ulimwaga damu, aliyekosewa lazima akusikilize. Nimewaona watu wakilipokea huku wanatetemeka kwa hasira, lakini walilipokea.

"Utanipelekea Jumapili," Prosper alisema. "Baba anakupenda. Ulimsomea zile barua za chama cha ushirika."

"Jumapili," nikasema.

Alilitundika kwenye msumari nyuma ya televisheni, mahali ambapo niliweza kuliona kutoka kwenye kigoda changu na watazamaji hawakuweza. Jumapili ndiyo ilikuwa siku yetu kubwa, watu wakitoka kanisani na nguo zao nzuri. Jumapili ya kwanza nilisema, nikienda Kilema nani atasema picha? Jumapili ya pili ilinyesha. Prosper hakunilaumu. Aliuliza tu, "Ijayo?" nami nikasema, "Ijayo." Kila siku nilikuwa nikiwaeleza watu habari za mtu anayepewa siku moja mara mia, na nadhani mahali fulani kichwani nilianza kuamini kwamba Jumapili nazo ni hivyo, kwamba ukiikosa moja, kesho mluzi utalia na utaikuta palepale.

Jumapili ya tatu Prosper alikwenda msibani Marangu tangu Jumamosi. Aliniachia ufunguo. "Usifungue kibanda. Nenda Kilema, urudi, kesho unieleze." Niliamka mapema, nikapiga pasi shati, nikalitoa isale kwenye msumari. Nilipofungua mlango kulikuwa na lori. Vijana wa mashamba ya miwa, kama arobaini hivi, walikuwa wamechanga wakakodi lori zima waje kumsikia Fundi. "Ndiye huyo!" mmoja alisema, na wengine wakapiga makofi. Nikalirudisha jani kwenye msumari. Nilijiambia picha moja tu, kisha niondoke. Nilionyesha mara tatu, mpaka saa kumi na mbili.

Jumatatu asubuhi Prosper alirudi na vumbi la Marangu kwenye viatu. Nilikuwa nimelitoa isale msumarini na kulificha chini ya godoro langu. Hakuketi. "Ulikwenda?"

"Nilikwenda."

"Alisemaje?"

Haya nimeyafikiria zaidi ya jambo lolote maishani mwangu. Kama ningesema amelipokea, Prosper angepanda Kilema mchana uleule, na uongo wangu usingefika jioni. Kama ningesema amelikataa, hangekwenda kuuliza. Yote hayo niliyaona kwa pumzi moja, kwa uwazi ule wa mtu aliyebanwa, nikachagua. "Hakulipokea," nikasema. Nilikusudia kupanda Jumapili inayofuata, nilifikishe kweli, kisha nirudi na kusema mzee amebadili moyo. Nilidhani nina wiki nzima ya kurekebisha.

Prosper alisimama pale akinitazama mdomo, kana kwamba kuna neno lingine litafuata. "Isale halikataliwi," alisema.

"Hata mimi nilishangaa."

Aliketi kitandani, akavua viatu, akavivaa tena.

Alasiri ile tulionyesha Fundi Saa kama kawaida. Sasa, mwisho wa picha uko hivi. Fundi anagundua kwamba siku haitaondoka mpaka amwambie kaka yake ukweli: yeye mwenyewe aliitengeneza saa ya stesheni vibaya, na saa hiyo ndiyo inayoangusha treni. Anamwambia, "Ni mimi. Nilijua, nikanyamaza." Maneno hayo nilikuwa nimeyasema mara nyingi, na kibanda kilikuwa kinayapenda. Siku hiyo Prosper alikaa hatua mbili kutoka kwangu, mkono juu ya deki. Fundi alipofungua mdomo, niliutazama mkono ule. Nikasema kwenye kipaza sauti, "Anamwambia kaka yake, safari njema."

"Ala!" Mama Joyce akaruka kwenye benchi. "Safari njema ya wapi? Jana ulisema anaungama! Jana hapahapa!"

Watu wakacheka wakinizomea. Mimi nilisikia neno moja tu. Jana kibanda kilipaswa kuwa kimefungwa. Jana nilipaswa kuwa Kilema. Niligeuza macho kwa Prosper. Alikuwa ameinama juu ya deki, anauondoa mkanda taratibu kama mtu anayetoa mwiba, na uso wake sikuuona. Tangu siku hiyo sijajua kama alisikia. Jumatano nilipoamka kitanda chake kilikuwa kitupu, na waya wa kipaza sauti umekunjwa vizuri juu ya meza. Sufuria ilikuwa imesuguliwa.

Siku hizi kwa binti yangu kuna televisheni kubwa, na picha za namna hii zimejaa. Mtu anaingia kwenye chombo anarudi ujana wake. Mtu anapokea simu kutoka kesho. Mtu anaamka na kuamka. Naziangalia zote. Wajukuu wanadhani nazipenda. Mimi huwa nakaa nikichagua ningerudi siku ipi, na nikisema wazi, siyo ile Jumatatu. Uongo ule ulitoka kwa hofu, na hofu ingekuwa palepale. Ningerudi Jumapili iliyofuata, kwa sababu siku hiyo hakuna aliyenibana.

Nilipanda Kilema, isale mfukoni. Lilikuwa na zaidi ya wiki tatu tangu likatwe na bado lilikuwa bichi, na hilo lilinitisha. Meku Severini alikuwa ameketi kwenye kigogo mbele ya nyumba, mahali anapoiona njia. Nikamwamkia, "Shikamoo, Meku," akaitikia kwa kikohozi. Binti yake, Flora, alinipa kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, akaenda kwenye ng'ombe. Tukabaki wawili. Mzee akainyoosha fimbo yake kuelekea migombani.

"Angalia vile visiki."

Nikaangalia. Vilikuwa vimechipua. Kila kisiki kilikuwa na vichipukizi vitatu vinne, majani yanang'aa.

"Mbuni ukiukata haufi," alisema. "Mimi nilidhani ameua. Baada ya miaka miwili hii itazaa kuliko zamani." Akakohoa, akapangusa mdomo. "Mwenzako hajambo?"

"Hajambo, Meku."

"Mwambie..." Akatikisa kichwa. "Hapana, usimwambie. Isale haliombwi. Ila mimi kila Jumapili nakaa hapa. Namngoja."

Jani lilikuwa mfukoni, juu ya paja langu la kulia. Nililihisi kama mtu anavyohisi jipu. Nilichotakiwa kufanya ni kuingiza mkono mfukoni. Lakini angeuliza, mbona limechelewa, na Prosper yuko wapi, na umemwambia nini mwanangu. Nikamaliza mbege. Nikasema mvua inakuja. Njiani, penye mfereji wa kumwagilia, nikalitoa jani nikalitupa majini, nikasimama nikilitazama linavyokwenda na fundo lake.

Mzee alifariki kabla ya Krismasi. Tangazo lilisomwa redioni, na baadaye sana nilikuja kujua kwamba Prosper alilisikia akiwa Kahama, akaizima redio akaendelea kufungua injini. Makaburini mjomba wake alisema kwa sauti, ili sote tusikie, "Aliyekata kahawa ya baba yake ameshindwa hata kuja kumtupia udongo." Mimi nilikuwa nimeshika koleo. Nikajaza kaburi.

Basi wiki hii, kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa, nilitafuta ugonjwa wa kunizuia na sikuupata. Ijumaa nilimfuata mke wangu, Mama Ndeshi, jikoni akimenya ndizi za mtori, nikamweleza yote. Hakunikatisha. Alipomaliza ndizi aliyokuwa nayo mkononi akaiweka chini.

"Baba Ndeshi, miaka thelathini na minne nalala na wewe, na hili lilikuwa katikati yetu kitandani?"

"Lilikuwepo."

"Unataka nikuambie nini?"

"Nataka unipelekee isale."

"Nitalipeleka," alisema. "Na sitalitundika popote."

Jumamosi mchana tulifika Kilema. Desturi inataka mkosaji abaki nyuma, nikabaki njiani penye ua, mahali palepale ambapo mzee alikuwa akipatazama kutoka kwenye kigogo chake. Mama Ndeshi aliingia peke yake akiwa ameshika jani kwa mikono miwili. Kutoka ndani nilisikia televisheni, watoto wakicheka, kisha ule mluzi wa treni. Kisha mtu akaizima. Nilihesabu mibuni. Mistari minne, mikubwa, imezaa.

Prosper alitoka polepole na fimbo, isale mkononi. Amekonda, na kichwa chote ni cheupe. Alisimama ng'ambo ya ua.

"Nimelipokea," alisema. "Mimi ni mtu wa huku, halikataliwi. Lakini usidhani nimemaliza." Akavuta pumzi. "Nilimsikia Mama Joyce siku ile. Jana, alisema. Nikajiambia yule mama anachanganya siku. Miaka yote nimejiambia anachanganya siku, maana kama hachanganyi, basi ningetakiwa kupanda mwenyewe kumwona baba, na niliogopa."

Alilitazama lile fundo.

"Mkeo anasema ulikuja kwa baba. Baadaye."

"Nilikuja."

"Alikuwa wapi?"

"Pale. Kwenye kigogo."

"Alisemaje?"

Ni swali lilelile. Safari hii sikuliharakia. "Alisema visiki vimechipua. Akasema kila Jumapili anakaa hapa, anakungoja."

Prosper alilikaza jani mkononi. Hakulia. Alikuwa ananitazama mdomo kama Jumatatu ile, akingoja neno litakalofuata.

"Rudia," alisema.

"Alisema kila Jumapili anakaa hapa, anakungoja."

"Rudia tena."

Nikarudia.